Kripta ya Anagni, Italia: nenda na 1 Samweli mkononi

Kripta hii ni chumba kilicho chini ya kanisa kuu la Anagni, kilichojaa michoro ukutani na darini. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naipunguza kwa sababu ya safari. Treni ya Roma–Cassino inakushusha Anagni-Fiuggi, bondeni, na mji uko kilimani, kilomita kadhaa kutoka hapo. Usipange kupanda kwa miguu. Jua saa za basi la kurudi kabla hujaondoka stesheni, hasa Jumapili, na hakikisha kripta haifungwi mchana siku unayokwenda.

Waitalia huiita Kapela Sistina ya Enzi za Kati, kwa kuifananisha na kapela maarufu ya Vatikani. Jina hilo linampotosha mgeni. Sistina ni dari moja kubwa. Hapa kuna nguzo 12 na kuba 21 zilizo karibu na kichwa, kila kuba na habari yake iliyochorwa, na habari moja huruka kutoka kuba hii hadi ile au kushuka ukutani. Anayekwenda moja kwa moja kwenye altare huona rangi tu.

Mimi nashauri uanze kwa Hipokrate na Galeni. Waganga hao wawili wamekaa wakijadiliana, ingawa walipishana kwa zaidi ya miaka 500. Karibu nao kuna mchoro wa elementi nne (moto, hewa, maji na udongo), na kubani mwanadamu amesimama katikati ya miduara ya majira na umri. Yaani ulimwengu kwanza, wokovu baadaye.

Kisha fungua 1 Samweli sura ya 4 hadi 6. Wafilisti wanateka Sanduku la Agano, mungu wao Dagoni anaanguka, majipu yanawapata, na ng'ombe wawili wanalirudisha kwa gari. Bila sura hizo utadhani ni vita vya kawaida. Ufunuo uweke mwisho, upande wa altare: Mwanakondoo mwenye pembe saba, wazee 24, na chini yao maisha ya Mtakatifu Magno, ambaye kripta ni yake.

Wachoraji wa karne ya 13 walikuwa watatu, na hakuna aliyeacha jina. Mafundi wa sakafu wanajulikana: Cosma na wanawe Luka na Yakobo, mwaka 1231. Watu wengi huikanyaga bila kuitazama, na ni kosa, maana vipande vile vya mawe, vyekundu na vya kijani, vimepangwa kwa ustadi usiopungua ule wa kutani.

Rangi ya michoro ilipobanduka, mara nyingi ni buluu. Rangi iliyopakwa plasta ikiwa mbichi hushikana na chokaa inapokauka. Buluu ya azuriti, yaani madini yaliyosagwa, kwa kawaida hupakwa juu ya plasta kavu kwa gundi, na unyevu huing'oa. Pumzi za wageni ni unyevu pia, kwa hiyo usishangae ukiharakishwa. Kamera iache mfukoni mpaka uulize. Darubini ndogo na viatu visivyoteleza vinatosha. Saa moja humo ndani, shingo itakuwa imekwisha.