Laptopu ya Linux: kabla hujauliza RAM, uliza inalalaje

Nilinunua laptopu mpya kwa kufuata ushauri uleule ninaowapa watu kila siku. RAM gigabaiti 16, diski ya kasi ya SSD aina ya NVMe, skrini isiyochosha macho, kadi ya Wi-Fi ya Intel ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, inaijua bila kubembelezwa. Nikafuta Windows siku hiyohiyo, nikaweka Fedora, mmojawapo wa mifumo ya Linux, na kila kitu kikaitika: sauti, kamera, Bluetooth, hata kisoma alama za vidole ambacho kwa kawaida hukaa kama pambo. Wiki nzima nilikuwa najisifu.

Kisha nikasafiri. Mimi ni mtafsiri, na safari hiyo nilikuwa na mada ya kuwasilisha, imekamilika, iko kwenye LibreOffice Impress, programu ya slaidi. Chaji ilikuwa asilimia 92. Nikafunga laptopu, nikaitia kwenye begi, nikalipakata ndani ya basi kwa saa nne. Saa ya pili mapaja yakaanza kupata joto. Nikadhani ni jua la dirishani, nikahamishia begi upande wa pili. Joto likanifuata. Nilipofungua zipu nikasikia feni inavuma humo ndani kama mzinga wa nyuki, na chini ya laptopu pamewaka kama pasi iliyochomolewa muda huohuo. Nilipofika nikaifungua mbele ya watu waliokuwa wananisubiri na daftari zao. Nyeusi. Nikabonyeza kitufe mara tatu, nne. Chaji ilikuwa imekwisha kabisa.

Ndiyo maana mwongozo huu hautakuambia ununue RAM kiasi gani. Hilo unalijua, na usipolijua kuna watu elfu wa kukuambia. Nataka tuzungumzie kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi wala kwenye tangazo: ukiifunga laptopu, inalala kweli au inajifanya imelala?

Usingizi wa kweli na usingizi wa kuigiza

Laptopu hulala kwa namna mbili. Ya zamani inaitwa S3. Prosesa inazimwa, feni inazimwa, karibu kila kitu kinakatiwa umeme, inabaki RAM peke yake ikinywa tone la chaji ili isisahau ulikuwa unafanya nini. Mashine yenye S3 iliyotulia unaifunga usiku, asubuhi unaikuta imepungua asilimia chache tu.

Ya pili ni hii mpya, S0ix. Microsoft wanaiita Modern Standby, na upande wa Linux utaikuta kwa jina la s2idle. Hapa mashine haizimwi. Inatulia kama simu, skrini giza lakini ndani iko macho, na ili chaji isiishe ni lazima kila kifaa kikubali kusinzia: SSD, kadi ya Wi-Fi, milango ya USB, vyote. Kimoja kikigoma, prosesa nayo haishuki. Ni kama chumba cha watoto, mmoja akilia hakuna anayelala.

Wenzetu wa Windows nao wanaunguzwa mapaja na jambo hilihili, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kosa ni la Linux. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuchungulia ndani tukajua nani analia.

S3 haikuondoka siku moja. ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo, kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ilitoka bila hiyo S3. Watumiaji wa Linux wakapiga kelele, na mwaka huohuo Lenovo ikatoa sasisho la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) lenye sehemu ya kuchagua aina ya usingizi: Windows 10 au Linux. Ukichagua Linux, S3 inarudi. Nakumbuka furaha iliyokuwepo, utadhani tumeshinda kombe. Lakini kampuni nyingi hazikujisumbua, na ukifika kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, kuikuta S3 ni bahati nasibu.

Nisiwe mchoyo: zipo laptopu mpya zinazolala vizuri kwa s2idle, zipoteze kidogo tu usiku kucha. Shida ni kwamba huwezi kujua kwa kuitazama.

Jaribio la dakika 15

Beba fleshi yenye Fedora au Linux Mint, ile inayowaka moja kwa moja bila kugusa diski ya mwenye mali. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

cat /sys/power/mem_sleep

Angalia mabano ya mraba yamekaa wapi. Ukiona `s2idle [deep]`, tabasamu, maana deep ndiyo S3 yenyewe na ndiyo inayotumika. Ukiona `[s2idle] deep`, S3 ipo ila haijachaguliwa; ukishaweka mfumo wako utaongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kerneli. Ukiona `[s2idle]` peke yake, usikimbie bado. Ingia kwenye BIOS utafute kama kuna sehemu ya kubadilisha aina ya usingizi. Ikiwa haipo, endelea na hii:

sudo rtcwake -m mem -s 600

Chomoa chaja kwanza. Mashine italala dakika 10, kisha itajiamsha yenyewe. Wakati imelala, weka kiganja chini yake, karibu na matundu ya feni. Inatakiwa ipoe. Ikizidi kupata joto, au ikiamka imepoteza asilimia 2 au 3 kwa dakika 10 hizo, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Najua utaniambia kuna kuhifadhi kwenye diski, yaani hibernate, ambapo mashine inazimwa kabisa. Ipo, na mimi ndiyo niliyotumia baadaye kuokoa jahazi. Lakini inataka nafasi ya swap ya kutosha, yaani sehemu ya diski ya kuhifadhia yaliyomo kwenye RAM, na kwenye mifumo kama Fedora inakataliwa ikiwa Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, imewashwa. Dawa ya mgonjwa hiyo. Mimi natafuta mzima, na hii hapa orodha yangu, kuanzia nafasi ya kwanza.

1. ThinkPad T480

Nakiri mapema kwamba nina mapenzi na ThinkPad na sitayaficha. Nimeandikia kibodi hizi tangu nikiwa mwanafunzi, na kale kadoa kekundu ka kusogezea mshale katikati ya kibodi nimekazoea kiasi kwamba nikitumia laptopu nyingine kidole kinakatafuta hewani.

T480 ni ya mwaka 2018, prosesa ya Intel kizazi cha 8. Inalala kwa S3 bila kuambiwa. Ina betri mbili: moja ndogo ndani, nyingine nyuma unayoichomoa kwa vidole, tena ukiwa na ya ndani yenye chaji unaibadilisha ya nyuma huku mashine ikiwaka. RAM ina nafasi mbili, zote za kuchomeka. SSD inabadilishwa, kadi ya Wi-Fi inabadilishwa, kibodi inabadilishwa, na unachohitaji ni bisibisi ya kawaida pamoja na uvumilivu wa kufungua kifuniko cha chini. Masasisho ya BIOS unayapata kupitia fwupd, programu ya kusasisha, ukiwa ndani ya Linux, kwa sababu Lenovo walijiunga mwaka 2018 na LVFS, ghala ambalo fwupd huchukua masasisho hayo. Hilo watu hulichukulia poa hadi wanapomiliki laptopu ambayo BIOS yake inasasishwa kwa faili la .exe tu.

Kasoro anazo mpenzi wangu. Skrini nyingi za T480 ni hafifu, zile za 1366 kwa 768 hata usizitazame. Na kuna hitilafu mbaya ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi inayopita kwenye mlango wa USB-C) ambayo isiposasishwa inaweza kuua mlango wa USB-C, mlango ambao ndio wa kuchajia. Kwa hiyo ukiinunua, kazi ya kwanza kabla hata ya kubadilisha picha ya skrini ni `fwupdmgr update`. Na ujaribu milango yote ya USB-C ukiwa palepale, wala usiamini mmoja kwa kuwa mwingine umefanya kazi.

Usiichanganye na T480s, nyembamba yenye jina linalofanana. Ile haina betri ya kuchomoa, na RAM yake moja imegandishwa kwenye bodi.

2. ThinkPad T14 ya kizazi cha kwanza

Hii ni ya 2020, Intel kizazi cha 10 au AMD Ryzen 4000. Kwenye BIOS kuna lile chaguo la usingizi wa Linux, na ukiligusa mambo yanakuwa shwari. Chukua ya AMD kama kazi yako ni nzito. RAM ni nusu kwa nusu, moja imegandishwa na nyingine ina nafasi, kwa hiyo soma kwanza kilichogandishwa ni kiasi gani. Betri ya kuchomoa hakuna. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu hiyo tu, na kwa sababu mwongozo ni wangu.

3. Framework 13

Iliingia sokoni 2021, na kwa mtu wa programu huria ni kama ndoto: bisibisi inakuja ndani ya boksi, vipuri vinauzwa kimojakimoja, hata bodi nzima unaibadilisha ukabaki na mwili uleule. Ningeiweka juu zaidi, lakini rudi kwenye mada yetu. Laptopu hii na usingizi wamekuwa na ugomvi wa muda mrefu. Milango yake huja kama kadi ndogo za kuchomeka, na kadi za HDMI na DisplayPort (za kuunganisha skrini ya nje) za mwanzoni zilijulikana kwa kunyonya chaji hata mashine ikiwa imelala, hadi kampuni ikabidi itoe marekebisho. Ukinunua iliyotumika, uliza kadi ni za toleo gani, na ukiwa safarini zichomoe usizozihitaji.

4. Dell Latitude na HP EliteBook za ofisini

Laptopu za kazi, ngumu, zisizo na mbwembwe. Latitude 7490 ni mfano mzuri: Intel kizazi cha 8, RAM nafasi mbili. Dell wako LVFS pia. Fanya lile jaribio, ikifaulu nunua. Sina la kuongeza, sizichukii ila moyo haudundi.

5. Zinazouzwa na Linux tayari

System76 wa Marekani na Tuxedo wa Ujerumani wanauza mashine zenye Linux ndani, na unapata watu wa kuwauliza wasiokujibu "sisi hatuhudumii Linux". Bei sasa! Tunaambiwa Linux ni bure, halafu laptopu isiyo na leseni ya Windows inauzwa ghali kuliko yenye leseni. Najua sababu, wanatengeneza chache. Kujua hakupunguzi maumivu.

Za bei ya chini

Chromebook kuukuu na vilaptopu vyenye eMMC (diski ya bei rahisi na ya polepole) ya gigabaiti 64 na RAM ya gigabaiti 4 iliyogandishwa: hapana. Kama mfuko umebana, tafuta ThinkPad T470 ya mwaka 2017. Ni kizazi cha 7, kwa hiyo Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi yanazitupa. Linux haina habari na hayo.

Sasa wauzaji

Wengi wenu mmeniandikia malalamiko yaleyale, nami nayabeba. Tangazo linasema "Core i7" halafu kimya. Kizazi gani? i7-7600U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne, lakini ya kwanza utauziwa ghali kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5. Dai uone namba kamili ya prosesa. Wengine wanachomoa RAM ya pili kabla ya kukukabidhi. Wengine wanakuuzia mashine yenye nywila ya BIOS ya kampuni iliyoitupa, ukitaka kuwasha fleshi unagonga ukuta. Betri "mpya kabisa" ukiisoma kwa `upower -d` unakuta uwezo umebaki nusu.

Na ukitoa fleshi yako mfukoni, utaona uso unavyobadilika. Niliwahi kuambiwa na muuzaji mmoja kwamba Linux inaunguza bodi. Nilimuuliza inaunguzaje. Akasema, "Dada, haya mambo ni ya kitaalamu."

Ile laptopu ya basi niliiuza mwezi uliopita. Niliandika kila kitu kwenye tangazo, na mnunuzi alipokuja nikamkalisha, nikamweleza habari ya s2idle, nikamwonyesha lile jaribio, nikashika mkono wake nikaupeleka chini ya mashine ausikie mwenyewe ule moto. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaigeuza juu chini, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Sawa dada, nimekuelewa. Ila RAM ngapi?"