Muvi za Buster Keaton kwenye flashi: nimecheka, ila spidi imeniudhi

Nilimwomba kijana wa kibanda cha muvi aniwekee "za Chale, zile za kizamani zisizo na sauti". Huku kwetu mcheshi yeyote ni chale, na wengi hawana habari kuwa jina lenyewe lilitoka kwa Charlie Chaplin. Hakuwa nazo. Akaniwekea tatu za Buster Keaton, mcheshi mwingine wa Kimarekani wa enzi hizohizo, nikaondoka nikinung'unika.

Mimi ni seremala, kwa hiyo One Week (1920) ndiyo iliyonimaliza. Maharusi wanapewa kiwanja na nyumba ya kuunganisha, vipande vimo kwenye makasha yenye namba. Jamaa aliyekataliwa na bibi harusi anapita kimyakimya na brashi ya rangi, anabadilisha namba. Basi Keaton anafuata maelekezo kwa uaminifu wote, uso mkavu, na nyumba inatoka kama imekaliwa na tembo. Mlango wa ghorofani unafungukia hewani. Anafunga kamba kwenye taa ya dari ili avute piano iingie ndani. Piano imetulia, dari ndiyo inayoshuka! Mimi nimewahi kufunga kabati kwa vipimo vya mtu mwingine, najua ile hali. Ni dakika kama 20 tu, nimeirudia mara tatu.

Steamboat Bill, Jr. (1928) ina kile kipande cha kimbunga: ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton, naye anabaki wima kwa sababu amesimama palepale dirisha linapotua. Mwanangu akasema, "Baba, hiyo si kompyuta?" Kompyuta ya wapi mwaka 1928! Ukuta ni wa kweli, mtu ni wa kweli. Nikasimamisha picha nipime kwa jicho: pembeni mwa mabega sioni hata shubiri. Angesogea kidogo, kazi ingehamia kwa fundi majeneza.

Maandishi ya Kiingereza yanayotokea katikati ya picha badala ya sauti ni machache. Mama mkwe hasomi Kiingereza na hakupitwa na kitu.

Sasa kero. Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi polepole kuliko picha 24 kwa sekunde za leo, na nakala niliyopewa imekimbizwa hadi watu wanatembea kama kuku waliofukuzwa jikoni. Nilihamishia kwenye simu, nikashusha spidi, wakawa binadamu. Kinanda walichobandika juu yake nacho hakipumziki. Nikazima sauti kabisa.

Ya tatu, Sherlock Jr. (1924), ndimo Keaton mwenyewe alimovunjika shingo maji ya tangi la reli yalipomporomokea, asijue mpaka eksirei ya miaka mingi baadaye. Kipande hicho nimekiona. Lakini faili limeganda pale amekaa juu ya usukani wa pikipiki inayokimbia, hajui kuwa dereva alishadondoka zamani, na hadi leo yuko palepale.