Wasanidi programu wa Nairobi kwa kampuni ya Berlin: tathmini

Kwa kampuni ya Berlin, kuajiri wasanidi programu walioko Nairobi ni chaguo zuri sana: tofauti ni saa 1 tu wakati wa kiangazi, saa 2 wakati wa baridi. Swali la asubuhi hujibiwa asubuhi hiyo hiyo.

Tatizo huja Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani hurudisha saa nyuma, Kenya haibadilishi. Kikao cha Berlin cha saa 10:30 jioni kinaangukia saa 12:30 Nairobi, watu wakiwa kwenye foleni ya matatu. Kihamishieni asubuhi.

Jaribio la kazi la wiki 2 kabla ya kuajiri lilipiwe. La bure huwafukuza walio hodari. Na mkataba useme msimbo (code) wa programu ni mali ya nani kabla mstari wa kwanza haujaandikwa.