Nilidhani nanunua tarumbeta laini: miezi 8 na flugelihoni

Nimepuliza tarumbeta miaka 11, kwa hiyo flugelihoni ilipofika niliiona kama tarumbeta iliyonenepa. Pistoni, yaani vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, ni zilezile 3, vidole havina cha kujifunza, na ukiyanyoosha mabomba yake utapata karibu urefu uleule, mita moja na nusu hivi.

Kumbe mambo yako ndani. Bomba la tarumbeta lina upana mmoja, milimita 11 na kitu, kwa sehemu kubwa ya safari, ndipo linafunguka karibu na mwisho. La flugelihoni linaanza jembamba na kuzidi kupanuka kama faneli ndefu iliyokunjwa, isipokuwa penye pistoni, maana hapo lazima upana uwe mmoja. Koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, iko katikati ya hizo mbili.

Sauti nimeipenda mno. Kwenye tarumbeta nikikaza pumzi inapata makali. Hii inakua tu, nzito na ya mviringo, bila kuchoma sikio. Katika bomba la upana mmoja wimbi la sauti kubwa linazidi kuchongoka kadiri linavyosafiri, na hapo ndipo makali yanapotoka, lakini bomba likipanuka, wimbi halichongoki sana. Usiponiamini, sikiliza tromboni (bomba lake kwa sehemu kubwa lina upana mmoja) na yufoniamu (lake linapanuka) zikipigwa kwa nguvu: urefu karibu sawa, mita 2.7, lakini tromboni inapasua hewa na yufoniamu inabembeleza. (Tromboni haina ujanja, bomba la kuteleza haliwezi kuwa faneli.)

Sasa lawama. Noti za juu zinateleza, wiki za kwanza nilikuwa nazikosa hovyo. Kurekebisha sauti nako ni tofauti: huvuti bomba lililopinda kama la tarumbeta, unavuta bomba la mdomoni lenyewe kisha unakaza skrubu. Yangu inalegea katikati ya wimbo.

Halafu kile kipande cha kupulizia. Nilinunua cha pili mtandaoni, kikagoma kuingia. Muuzaji hakunieleza kwamba shina lake, ile sehemu inayoingia kwenye bomba, huja kwa michongo 3 tofauti ya unene, nami sikujua kuuliza. Pima kwanza. Na usichukue chenye kikombe kifupi, yaani lile shimo la kuwekea midomo lisiwe na kina kidogo. Nilijaribu kimoja na ule unene wote wa sauti ukapotea, nikabaki na tarumbeta mbovu.

Naipa nyota 4. Ya 5 imeondoka na ile skrubu.