TAHADHARI: "jarida la sayansi ya siasa" lenye linaomba dola kabla hata ya kusoma makala yako

Bandugu wa Bukavu, zaidi nyinyi maasistanti na ma-CT (chefs de travaux) wenye mnatafuta makala za kupanda nazo gredi, tafadhali someni hii yote na muipitishe mu magrupu zenu za WhatsApp, juu kuna watu wanakula jasho la watafiti wetu na sasa wamezidi.

Wanaingia hivi. Unapata imeili inakuita "Profesa mashuhuri" hata kama wewe ni asistanti wa juzi, eti wamesoma kazi yako imewafurahisha sana, tuma makala, jibu ni siku tatu, jarida la kimataifa, linahakikiwa na wataalamu, liko mu Scopus, ile orodha kubwa ya kimataifa ya majarida. Ao ni mtu wa hapa hapa mjini, anapita mu magrupu anasema "mukubwa, leta kazi, niko na njia, wiki moja imeshatoka". Kuna yaya mmoja, mtafiti mwenye naheshimu sana, alikuwa na makala juu ya mizozo ya ardhi na mamlaka ya mwami (chifu wa kimila) kule Kabare, kazi ya kweli, alizunguka vijiji akaongea na wakulima na wazee mmoja mmoja. Akaituma. Kesho yake ikakubaliwa! Ile wanaita ripoti ya wahakiki nimeiona kwa macho yangu: mistari miwili, "makala nzuri, rekebisha nukta na mikato". Neno Kabare halimo kabisa, hakuna swali juu ya mbinu, hakuna mwenye aliuliza hao watu waliohojiwa walichaguliwa namna gani. Chini yake kwa herufi nyekundu: dola 250 ndani ya saa 48, zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Toleo kutoka, makala ya mwami iko katikati ya ugonjwa wa muhogo na kisukari, na juu ya ukurasa wameandika sayansi ya siasa.

Pesa inauma, sawa, lakini si pesa ndo mbaya kuliko yote. Makala ikishatoka pale imekwenda, juu jarida la kweli linataka kazi ambayo haijachapishwa popote, kwa hiyo ile kazi yote ya vijijini haiwezi tena kwenda mahali inastahili. Alipoandika kuomba waiondoe, wakamjibu kuondoa nako kunalipiwa, na bei ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Yaani wamekushika shingo kwa kazi yako mwenyewe. Halafu siku ya kupandishwa gredi profesa mmoja anafungua hilo jarida, anaangalia, anasema hii hatuihesabu.

Sasa mjue jarida la kweli linatembea vipi. African Affairs linatoka tangu 1901, American Political Science Review tangu 1906, Journal of Modern African Studies tangu 1963, na kwa wenye kuandika Kifaransa kuna Politique africaine tangu 1981. Pale hautumi hata franka ili makala ipokelewe. Mhariri anaisoma kwanza, na nyingi zinarudishwa hapo hapo, hiyo ni kawaida, usivunjike moyo. Ikipita inaenda kwa wahakiki wawili ao watatu, mara nyingi bila jina lako, na unangoja miezi. Hata wakikataa, wanaweza kukurudishia maoni ya kurasa kadhaa, na hayo maoni ni shule, mimi nayaona ya maana kuliko "imekubaliwa" ya siku moja.

Ni kweli, majarida ya kusomwa bure mtandaoni mengine yanatoza ada na si wezi. Lakini ada inakuja baada ya kukubaliwa, imeandikwa wazi tangu mwanzo, na wachapishaji wengi wanawasamehe waandishi wa Kongo juu nchi yetu iko kundi A la Research4Life, mpango wa kusaidia watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Kwa hiyo andika uombe msamaha wa ada, ni haki yako kuomba.

Wakikuonyesha ISSN, namba ya kuandikisha jarida, usitetemeke. Zile tarakimu 8 ni kama plaki ya motari, inasema chombo kimeandikishwa, haisemi dereva anajua njia. Wakisema Scopus, orodha ya majarida yake inafunguliwa bure, tafuta mwenyewe, na ulinganishe anwani ya tovuti juu wengine wanaiga jina la jarida la kweli herufi kwa herufi. Angalia pia DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure mtandaoni yenye yamechunguzwa. Chukua jina moja mu kamati ya wahariri umwandikie kwa imeili ya chuo chake. Sisi tulifanya hivo na profesa akajibu hajawahi kusikia hilo jarida.

Na msifikiri ni mambo madogo ya mtaani. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe dola zaidi ya milioni 50 juu ya kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki na ada.

Kama umeshatuma makala na bado haijatoka, waandikie leo kwamba unaiondoa, usisaini karatasi ya kuwapa haki za makala, usilipe kitu, wakikutisha na mahakama chunga zile meseji zote na uzipeleke kwa promota wako ao kwa dekani. Na yule wa "niko na njia", mwombe tu akuonyeshe ripoti ya wahakiki ya makala moja yenye alipitisha, moja tu, kabla ya kugusa simu yako ya M-Pesa.