Sansa Clip+ yenye Rockbox, kwa sisi tusioona

Jamani kabla ya hii Sansa, kichezea muziki kidogo cha mfukoni, nlikuwa na MP3 moja ya bei chee, kila kitu kipo kwenye kioo, unabonyeza kimyaaa, nahesabu mibonyezo kama navuta tasbihi, siku moja nikapitiliza mara moja tu nikafuta nyimbo zote za mama. Saivi natumia Sansa Clip+ iliyowekwa Rockbox, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile iliyokuja nayo, ukiipa na faili lake la sauti ya kusomea inasoma menyu na folda inakutajia herufi moja moja, T-A-A-R-A-B, inachosha kidogo ila unajua uko wapi. Vitufe navipapasa humohumo mfukoni, memori kadi inakubali. Kazi ni kuiweka, hapo nilimsumbua mdogo wangu mwenye kompyuta 😅