Vocha za Demokrasia za Seattle: nyota nne kwa huduma inayomleta mgombea mlangoni kwa mpangaji

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Ni Vocha za Demokrasia, mpango wa Jiji la Seattle, Marekani, ambao wapiga kura waliupitisha Novemba 2015 na ukaanza kutumika katika uchaguzi wa 2017. Kila mwaka wa uchaguzi wa jiji, ifikapo Februari, mpiga kura aliyejiandikisha huletewa kwa posta vocha nne za dola 25 kila moja. Hazigeuzwi kuwa pesa taslimu wala hazinunui kitu. Kazi yake ni kumchangia mgombea wa udiwani, umeya au wadhifa wa mwanasheria wa jiji, mradi awe amejiunga na mpango. Fedha zinatokana na kodi ya majengo: dola milioni 3 kwa mwaka katika miaka 10 ya mwanzo, na Agosti 2025 wapiga kura wakaridhia miaka 10 mingine kwa dola milioni 4.5 kila mwaka.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na kuhamia Rainier Valley, eneo la kusini mwa Seattle, tulizoea siasa ambazo pesa hutoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Tanzania iliwahi hata kuihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Huku mambo yamegeuzwa, na anayefuatwa kwa heshima ni mwenye vocha. Vocha yenyewe ni kipande cha karatasi kisicho na madoido: jina lako na namba ya utambulisho vimekwisha chapwa, nawe unaandika jina la mgombea na tarehe, kisha unatia saini. Mkazi wa kudumu ambaye bado hajapata uraia haruhusiwi kupiga kura, lakini akiomba vocha anapewa na anazitumia kama mtu mwingine yeyote. Kwa jirani zangu wengi hiyo ndiyo sauti pekee waliyo nayo katika uchaguzi, na kwangu hili ndilo jambo bora kuliko yote katika mpango huu.

Kwa upande wa mgombea, masharti si mepesi. Anayetaka kiti cha eneo moja la jiji lazima kwanza akusanye michango midogo na saini za wakazi wasiopungua 150, akubali ukomo wa matumizi, na ashiriki mijadala ya hadhara. Faida yake inaonekana kwa hesabu ya kawaida: jengo lenye wapangaji 30 wenye vocha zote nne lina dola 3,000 ndani yake. Mtu asiye na marafiki matajiri, anayegombea kwa hoja ya kodi ya pango na bei za nyumba, anaweza kuendesha kampeni ya kweli kwa kupanda ngazi za majengo kama hayo na kusimama jioni nje ya kituo cha treni cha Othello.

Hata hivyo vocha haimchagulii mtu cha kuuliza. Wapo wanaoahidi kwamba wakiingia barazani watazuia kodi za pango zisipande, ilhali sheria ya jimbo la Washington imezikataza serikali za miji kuweka ukomo wa kodi ya pango tangu 1981, na ukomo uliopo sasa umewekwa na jimbo lenyewe mwaka 2025: ongezeko la asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, kwa kufuata kiwango kilicho kidogo. Nguvu ya madiwani tisa wa Seattle iko kwenye mipango miji. Sheria ya jimbo ya 2023 inailazimu miji mikubwa kuruhusu angalau makazi manne katika kiwanja cha makazi, lakini wapi ghorofa zirefushwe zaidi ya hapo ni uamuzi wa baraza. Kwa hiyo mgombea aliyegonga kwangu nilimuuliza ni mitaa gani ataifungulia ujenzi, na wapangaji wa nyumba kuukuu zitakazobomolewa wataelekea wapi. Huyo alitaja barabara kwa majina, akapata vocha mbili. Aliyefuata alizungumzia kulinda sura ya mtaa, yaani kuzuia ujenzi mpya, akaondoka na maji ya kunywa.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ukomo wa matumizi unambana mgombea lakini haumbani tajiri anayetumia fedha zake nje ya kampeni rasmi: mwaka 2019 Amazon ilitoa takriban dola milioni 1.5 kwa kamati iliyowaunga mkono wagombea wa udiwani iliowapendelea. Wengi wao walishindwa, lakini mfano huo unatosha kuonyesha mwanya ulipo. Pili, kati ya 2017 na 2023 waliotumia vocha hawakufika asilimia 10 ya waliostahili katika uchaguzi wowote, na wengi huzitupa pamoja na matangazo ya pizza. Tatu, jina la mtoaji huwekwa wazi kwa umma, jambo linalompa wasiwasi mpangaji ambaye mwenye nyumba wake ana upande wake. Nne ni wanaozunguka kukusanya vocha kwa niaba ya wagombea: mmoja, ambaye kampeni yake sitaitaja, alitaka nisaini zote nne kabla hajaniambia bosi wake anasimamia nini.

Ukishaitoa vocha huwezi kuirudisha. Ningeshauri utoe moja au mbili mapema kwa mgombea mpya anayehitaji kujulikana, na zilizobaki uzihifadhi hadi baada ya mchujo wa Agosti, wakati kila kiti kinapobaki na wagombea wawili tu. Karatasi zikipotea usihangaike, kwani unaweza kuzitoa kupitia tovuti ya mpango.